Usiku wa Mtu Hukadiriwaje?

Mpenzi mwanafunzi, makadirio ya gharama si kitu kigeni kwako. Fundi wa mabati huyaandika kabla ya kupanda juu ya paa, na kamati ya harusi huyasoma kwa sauti mbele ya wachangiaji ili mtu asije akauliza baadaye mbuzi wa pili alikwenda wapi. Hayo ni makadirio ya vitu. Leo nakuletea ya namna nyingine, yale yanayoandaliwa nchini Australia ili mtu mwenye ulemavu mkubwa apate wahudumu wa kumsaidia kuishi katika nyumba yake usiku na mchana. Utauliza, Australia inatuhusu nini sisi tulioko Uganda? Inatuhusu kwa sababu familia ninayotaka kukueleza habari zake huzungumza Kiswahili, na Kiswahili hichohicho, kwa kutosikilizwa vizuri, kilikaribia kumkosesha kijana wao mtu wa kumwangalia usiku.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, niliyemfundisha hadi kidato cha nne, sasa anaishi Brisbane na kazi yake ni kuwahudumia watu wenye ulemavu majumbani. Jirani yake ni mama mmoja mzaliwa wa Fizi, huko Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuhamishiwa Australia pamoja na watoto wake. Kitindamimba wake ana mtindio wa ubongo na kifafa. Kijana ameshapita miaka 20, mgongo wa mama haumruhusu tena kumnyanyua, na kijana mwenyewe alitamani kuhamia nyumba moja na vijana wenzake wawili. Mama hajui Kiingereza cha kutosha. Mkalimani rasmi hupatikana bila malipo siku za mikutano, lakini mama alitaka maelezo yake yaandikwe kwanza kwa Kiswahili kilichonyooka, kisha yapelekwe kwa mfasiri. Ndipo simu ikanijia: "Shikamoo, Mwalimu. Kuna mzazi hapa anahitaji kalamu yako." Naandika haya kwa ruhusa ya mama na mwanawe, majina nimeyaacha.

Fedha za huduma hiyo hutoka katika Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Neno bima lisikupotoshe: hakuna anayelipa ada ya kujiunga. Hazina ya serikali kuu na za majimbo ndizo zinazougharimia, na tangu Julai 2014 kodi ya afya ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 2 ya kipato kwa ajili yake. Mwombaji lazima awe hajatimiza miaka 65, na kwa kawaida awe raia au mkaazi wa kudumu. Familia hii ilipokelewa kwa viza ya kudumu ya wakimbizi, kwa hiyo kijana alikuwa na haki sawa na jirani aliyezaliwa palepale.

Mpango huo hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaona kuwa kitu kimoja: nyumba na mikono. Nyumba ina hesabu yake. Mkaaji huchangia kodi kutoka katika pensheni yake ya ulemavu, na chakula na umeme ni juu yake vilevile. Mikono, yaani wahudumu, ndiyo ninayoizungumzia hapa, na makadirio yake hayaanzi na fedha. Huanza na ratiba. Juma lina saa 168, na kwa kila saa lazima ijulikane nani yuko na kijana na anamgawana na nani: mhudumu mmoja kwa mkaaji mmoja, kwa wawili, au kwa watatu. Akiwatazama watatu, gharama ya saa hiyo hugawanywa mara tatu. Saa ya mchana wa Jumatatu ina bei yake, ya jioni huzidi, ya Jumamosi huzidi zaidi, ya Jumapili hupita hiyo, na sikukuu hupita zote. Zamani watoa huduma walipeleka makadirio yao na kuvutana na Wakala unaosimamia mpango, ambao makao yake makuu yako Geelong. Tangu mwaka 2020 bei ya saa imewekewa kikomo, kwa hiyo mvutano umehamia kwenye idadi ya saa.

Penye usiku ndipo penye uzito. Kuna zamu ya kulala na zamu ya kukesha. Katika zamu ya kulala mhudumu hupewa kitanda chake, hulala, na huamka akiitwa; malipo yake yamepigiwa hesabu kwamba katika usiku mzima hatafanya kazi zaidi ya muda wa saa mbili. Katika zamu ya kukesha mhudumu yuko macho mpaka asubuhi. Hii ya pili ni ghali zaidi, na Wakala hauikubali bila sababu iliyoandikwa na kuthibitishwa.

Sasa sikiliza. Katika rasimu ya kwanza, iliyojazwa na mtu aliyezungumza na mama kabla yangu, iliandikwa kwamba kifafa humjia kijana mara nyingi saa 20:00. Mama alikuwa amesema "saa nane usiku", na mwandishi akaisikia nane akaiandika nane ya saa za kwao. Wewe unajua kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa za usiku jua linapotua. Saa nane usiku ndio usiku wa manane wenyewe, wakati ambao simu yako huonyesha 02:00. Saa 20:00 wahudumu wa jioni wangali macho, wengine jikoni, wengine wanaosha vyombo. Rasimu ikapendekeza zamu ya kulala, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa kijana ambaye hakuwapo. Yule wa kweli angepatwa na kifafa mlango umefungwa na mhudumu amelala chumba cha pili. Bahati nzuri ni kwamba mwanafunzi wangu alimsomea mama ile karatasi, naye akashangaa: "Saa hiyo mbona ndiyo tunakula?"

Tulizungumza mara nne. Nilimpigia saa sita mchana, wakati wa mapumziko ya shule, na kwake ilikuwa saa moja jioni. Suala la saa lilitengenezeka kwa dakika tano. Lililotuchukua siku ni adabu. Nilimuuliza kijana anaendeleaje, akajibu, "Hajambo, mwanangu, tunamshukuru Mungu." Nilimuuliza kama usiku humsaidia. "Kidogo tu." Wazazi wetu hawalalamikii mzigo wa mtoto mbele ya mgeni, nami nisingependa mama yule awe mwingine. Lakini ratiba ile haina safu ya shukrani, na anayesema hajambo huandikiwa saa chache. Basi nikageuza swali: "Mama, usiku wa kuamkia leo uliamka mara ngapi?"

"Kuamka?" akasema. "Mimi silali, mwanangu. Nasinzia tu, kitini, kando yake."

Hapo tukaanza upya. Mnakumbuka tulipokuwa tukijifunza mnyambuliko wa vitenzi, baadhi yenu mliniuliza una kazi gani nje ya mtihani? Angalieni. Mama alikuwa akisema kijana "hula", "huoga", "hugeuka kitandani". Nilipomwomba anisimulie mikono ya nani hufanya nini, vitenzi vilibadilika vyenyewe: huogeshwa, huvalishwa, hugeuzwa kila baada ya muda wa saa mbili asije akapata vidonda vya mgongo. Kila kauli ya kutendwa inamficha mtendaji. Hugeuzwa na nani? Huyo "nani" ndiye anayetafutwa na ratiba nzima, kwa sababu mama akiondoka kwenye kile kiti lazima mtu mwingine akikalie, naye atalipwa mshahara. Binti wa mama akaanza kuandika daftarini, siku 14 mfululizo, kila mara mama alipoinuka na muda aliochukua. Daftari hilo likaambatanishwa na ripoti ya mtaalamu aliyekwenda nyumbani kupima kijana anaweza kufanya nini mwenyewe. Sheria ya mpango hudai kwamba msaada uwe unaofaa na wa lazima, na hayo mawili hayathibitishwi kwa sifa. Yanathibitishwa kwa vitenzi na saa.

Nikushauri pia juu ya neno. Utakuta tafsiri zinazoyaita makadirio haya "nukuu". Nukuu ni maneno uliyoyachukua kwa mwingine; hesabu ya gharama ijayo ni makadirio au makisio.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili, na aliyeniamsha ni kijana mwenyewe. Mazungumzo ya tatu alikuwa karibu na simu, akasikia orodha ikisomwa: hawezi hiki, hawezi kile. Maneno yake hutoka polepole, na mama hakumrudia wala kumtafsiria, tulingoja. Alisema, "Mwalimu, kijiko nakishika." Ni kweli, ana kijiko chenye mpini mnene, na chakula kikiwekwa mbele yake hula bila msaada. Tukaiandika "hula" kama ilivyo, tukapunguza robo saa tatu kwa siku. Makadirio ya kweli humpunguzia mtu pale anapojiweza. Kisha akasema la pili: Ijumaa jioni anataka kwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Hilo kwaya lilikuwa gumu kuliko kifafa. Wenzake wawili wa nyumba hiyo hawapendi kwaya. Mhudumu mmoja akigawanywa kwa watatu, ama watatu wote waende ama wote wabaki. Nadhani hapa ndipo ubaya wa hesabu ile ulipo, kwamba huweza kumlinda mtu asife na bado ikamfungia ndani. Tume ya Kifalme iliyochunguza mateso na utelekezaji wa watu wenye ulemavu nchini humo, kuanzia mwaka 2019 hadi 2023, iliziangalia sana nyumba za pamoja, na makamishna wenyewe hawakuafikiana kama ziondolewe kabisa.

Usije ukadhani nawasifia Waaustralia ili kutusimanga sisi. Nchi zote mbili, yao na yetu, ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka uleule, 2008, na kifungu cha 19 humpa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuishi katika jamii na kuchagua aishi wapi na nani. Kwetu zamu ya kukesha ipo pia, katika nyumba nyingi, ila hukeshwa na mama, na dada aliyeacha shule, na bibi, na hakuna aliyewahi kuzihesabu saa zao. Kwa zoezi la juma hili, mchague mtu mmoja wa namna hiyo unayemfahamu, umwombe ruhusa, kisha uandike saa zake 24 kwa kutumia kauli ya kutendea, ya kutendesha na ya kutendwa. Usiandike "anamsaidia" hata mara moja.

Majibu ya Wakala yalikuja baada ya miezi kadhaa. Zamu ya kukesha imekubaliwa, usiku saba kwa juma. Ijumaa jioni imekataliwa; imebaki mhudumu mmoja kwa watatu. Asiyeridhika ana miezi mitatu ya kuomba uamuzi upitiwe tena, na baadaye anaweza kwenda kwenye baraza la rufaa. Mama aliona yatosha. Kijana hakuona hivyo, na barua ya ombi ni yake, kwa kinywa chake. Mimi niliandika tu. Inaomba mhudumu mmoja kwa mtu mmoja kila Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, na pembeni ya kila saa tumeweka ya kwao: 17:00, 21:00.