Taa ya Tatu Isipowaka (Safari na Mtoto, Sehemu ya 4)

Mama zangu, swali lililojaa wiki hii ni hili: "Nesi, magurudumu ya ndege yakigoma kushuka na mimi nimempakata mtoto, nafanyaje?"

Kwanza mjue, Cessna Caravan, zile ndege ndogo nyingi za kwenda visiwani, magurudumu yake hayakunjwi. Yako nje muda wote. Shida hii ni ya ndege zinazokunja, kama King Air, ambazo hutumika sana kubeba wagonjwa. Rubani akishusha magurudumu husubiri taa tatu za kijani: moja ya mbele, mbili za pembeni.

Siku moja nasindikiza mama aliyetoka kujifungua, taa ya tatu haikuwaka. Rubani hakulazimisha kutua. Alipanda juu tena, akazunguka, akajaribu balbu, maana mara nyingine iliyokufa ni balbu tu. Akafuata kitabu chake hatua kwa hatua, akashusha gurudumu kwa pampu ya mkono, kisha akapita chinichini ili watu wa mnarani wamwangalizie. Mafuta yakiwepo, muda upo. Kumbughudhi kwa maswali hakusaidii.

Huku nyuma yule mama alikuwa anamwingiza kichanga ndani ya mkanda wake. Jamani, ule ni upendo, lakini ni hatari! Ndege ikisimama ghafla, uzito wako wote unamkandamiza mtoto. Nikamvalisha mtoto mkanda wake mdogo, ule unaopitishwa kwenye mkanda wa mama. Tukatua salama.

Kwa hiyo ikikukuta:

Kaza mkanda wako chini kwenye nyonga, si tumboni.

Vua miwani, toa pini za mtandio na kalamu mfukoni.

Ukiambiwa ujiandae, inama, mkinge mtoto kichwa kwa mkono wako.

Ndege ikisimama, fuata amri ya rubani. Begi la nepi liache, nepi zinanunuliwa. Toka na mtoto tu, mkae mbali na ndege, na msipite karibu na pangaboi hata kama zimetulia.

Na hili la mwisho lifanyike mapema, ndege ikiwa bado chini: ulizia mkanda wa mtoto. Usione aibu, hata kama foleni nzima inakutazama. Baba nawe uulize, mtoto ni wenu wote.