Fundi Cherehani Aliyenikosoa

Lugha ya Ishara nilijifunzia kanisani hapa Makongeni, Thika, na kwa miaka mingi hakuna aliyenikosoa. Usidhani ilikuwa raha. Jumapili nafasiri ibada nzima peke yangu, Jumatatu naitwa kliniki na mama mjamzito, kesho yake kituo cha polisi. "Njoo utusaidie, Mungu atakulipa." Mabega yaliniuma hata kufua nikashindwa. Usiku nalala na siri za watu, na mkalimani hana ruhusa ya kuzisimulia. Nikaanza kuzima simu.

Katiba ya 2010 ilitupa heshima. Kifungu cha 120 kimeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge, na cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Sawa, lakini huyo mkalimani naye ashikwe mkono na nani?

Nilipanda matatu mara nyingi kwenda Nairobi kumtafuta mkalimani mwenye vyeti wa kunikosoa. Mmoja aliitazama video yangu, akasema naendelea vizuri. Nilirudi Thika na uchovu uleule.

Aliyenifaa alikuwa jirani: mama kiziwi, fundi cherehani, ambaye hana cheti hata kimoja cha ukalimani. Mbinu yake ilikuwa moja, tena kali. Nafasiri habari ya redio, kisha yeye ananirudishia kwa ishara alichoelewa, nami nalinganisha na nilichosikia. Loo, tofauti zilivyokuwa! Mikono yangu ilisema, lakini uso ulikuwa umelala. Katika lugha hii nyusi zikiinuka, umeuliza. Zisipoinuka, "umekula" inabaki kuwa habari tu. Kwa maoni yangu, mkalimani ambaye hajawahi kupimwa na kiziwi hajapimwa, hata awe na vyeti vya kujaza kabati.

Hata hivyo, mahakamani fundi asingeweza kunifikisha. Huko alinipokea mkalimani mkongwe, mwanachama wa chama cha wakalimani. Kwake nilijifunza kuomba kujua kesi inahusu nini kabla ya kuingia, kumsimamisha hakimu kwa adabu arudie, kukataa kesi ya ndugu yangu, na kudai mwenzangu ili tupokezane kila dakika 20 hivi. Tena alinisikiliza. Namweleza kilichonielemea bila kutaja jina wala mahali, naye anauliza, "Sasa wewe, ulifanyaje?" Usingizi ulirudi pole pole. Bei yangu pia nilijifunza kuitaja, ingawa wapo walionuna.

Juzi binti mmoja wa mtaa wa Kiandutu ameniomba nimlee katika kazi hii. Nimemwambia aanze kwa fundi, aende na redio yake.