Niliwalipisha Simulizi

Katika ofisi yetu hapa Kenya tunawahudumia watu wazima waliodhulumiwa utotoni walipokuwa wakilelewa kwenye makao ya watoto. Kwa muda mrefu hakuna aliyepata msaada wetu kabla ya kueleza alichotendewa. Kanuni hiyo niliiweka mimi. Maswali ya fomu niliyatunga mwenyewe: nani alikudhulumu, ulikuwa na umri gani, alifanya nini, mara ngapi, ulimwambia nani. Wafadhili walitaka idadi ya watu tu. Mengine niliyaongeza kwa sababu niliamini kwamba kusema ndiko kupona, na pia niliogopa kudanganywa na watu ambao hawakupitia lolote.

Kijana mmoja alikuja akitafuta kitambulisho. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na alikuwa ameambiwa alete barua kutoka makao alikolelewa. Mwenye kuitia sahihi barua hiyo ni mtu yuleyule aliyemharibia utoto. Alichoomba kwetu ni mtu wa kwenda kumchukulia: nauli ya matatu na asubuhi moja, basi. Mimi nikamwekea fomu mezani. Alipofika swali la tatu akaanza kutetemeka, akaomba atoke nje kidogo apate hewa. Hakurudi, na simu yake haikupatikana tena. Kwenye faili nikaandika kwamba mteja hayuko tayari.

Maneno hayo ndiyo yananiuma zaidi. Kijana yule alikuwa tayari kabisa. Alijua anachotaka, akakitaja alipoingia tu.

Aliyenifumbua macho ni mfanyakazi wetu, ambaye naye alikulia kwenye makao. Aliniambia, “Madam, kule wageni wakija tulipangwa mstari, tunaimba, halafu kila mtu anaeleza wazazi wake walikufaje. Ndipo tunapewa soda na mkate. Na hapa naona ni vilevile.” Nilikasirika nikamjibu vibaya. Baadaye nilimwomba radhi.

Tena si kwamba nilikosa pa kujifunza. Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza unyanyasaji wa watoto kingono katika taasisi, kuanzia 2013 hadi 2017, ilifanya vikao vya faragha zaidi ya 8,000, ikabaini kwamba kwa wastani manusura walikaa karibu miaka 24 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Takwimu hiyo niliijua. Niliiandika kwenye maombi ya fedha, kisha nikaketi na watu walewale nikiwadai majibu siku ya kwanza tu ya kuonana nao.

Sasa fomu inauliza mambo matatu: jina unalopenda kuitwa, namba ya simu na unachohitaji. Swali moja la nyongeza tunaliuliza mtu akishasaidiwa: je, aliyekutendea bado yuko karibu na watoto? Hilo siwezi kuliacha. Ni kweli mwaka 2022 serikali ilitangaza mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia, lakini makumi ya maelfu walikuwa bado makaoni, na afisa wa watoto hawezi kuchukua hatua juu ya jambo asiloambiwa. Yaliyobaki ni ya mwenyewe. Akitaka kuzungumza, mshauri nasaha yupo. Na akitokea wa kutudanganya, tutakuwa tumepoteza nauli na barua moja.

Kwenu mlioondoka ofisini kwetu fomu ikiwa nusu: kosa lilikuwa langu, na ninawaomba radhi. Njooni. Mlichokuja kukitafuta tutakishughulikia, na hakuna atakayewalazimisha kusimulia mlichotendewa.