Hapa Hatuna Ngano, Tuna Chapati

Niliporudi Kakamega Agosti iliyopita, basi la usiku lilinishusha alfajiri, njaa ya safari ikiniuma. Nikaingia hoteli ya kwanza niliyoiona karibu na steji, nikamuuliza mhudumu wana nini cha kula na chai ya asubuhi kisicho na ngano.

"Ngano?" Kijana akatabasamu. "Hapo usijali, auntie. Hapa hatuna ngano. Tuna chapati, mandazi na mkate."

Nilicheka mpaka machozi, ingawa tumbo langu halina mzaha. Nina ugonjwa wa seliaki. Nikila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wangu huushambulia utumbo wangu mwenyewe. Tiba ni moja tu: kuiacha gluteni maisha yote, hata makombo. Hukadiriwa kuwa takriban mtu mmoja kati ya mia duniani ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Leeds, ninakoishi, kula nje asubuhi kunaanza na kusoma. Tangu Desemba 2014, sheria inamtaka kila mwenye mkahawa Uingereza aweze kumwambia mteja ni kipi kati ya vizio 14, yaani viungo viletavyo mzio, kimo katika chakula chake, na nafaka zenye gluteni zimo katika orodha hiyo. Oktoba 2021 sheria ikakazwa: chakula kinachofungwa papo hapo dukani kabla mteja hajakiagiza lazima kiandikwe viungo vyote. Sheria hiyo imepewa jina la Natasha Ednan-Laperouse, binti wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ambao haukuandikwa. Na chakula hakiruhusiwi kuitwa kisicho na gluteni ikiwa kina zaidi ya miligramu 20 kwa kilo.

Karatasi zao basi hazina kasoro. Sahani ndiyo ya kuhurumiwa. Asubuhi ya Mwingereza imejengwa juu ya mkate, na hata soseji yake mara nyingi imekandwa na makombo ya mkate. Ukiiondoa ngano unaletewa kibadala: kipande cha mkate ghali, kikavu, ukikikunja kinakatika kama tope la kiangazi. Nakila salama, kisha natoka bado na hamu ya chakula.

Kakamega mambo yamegeuka. Chakula kipo, karatasi ndiyo haipo. Nyumbani kwa kukhu, yaani nyanya yangu, sikuwahi kuuliza swali. Asubuhi kulikuwa na obusera, uji wa wimbi mweusi uliochachuka kidogo, na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Siku nyingine ni nduma, mihogo au njugu za kukaanga. Wimbi halina gluteni hata chembe, na lilianza kulimwa katika nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Ngano tunayoitukuza, Kenya huagiza sehemu yake kubwa kutoka ng'ambo.

Sasa mbona hotelini nikatajiwa vitu vitatu vya ngano na nikakosa kiazi kimoja? Kwa sababu kiazi ni cha nyumbani, mkate ni wa mgeni. Ukimwandalia mgeni chai na viazi vitamu bila mkate mezani, yuko jirani atakayejiuliza kama mambo yamekuharibikia. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee walituonya. Sisi mbachao tumeuhamishia nje ya mlango: pale pale kando ya hoteli aliketi mama na beseni la nduma za moto, zimefunikwa kwa nailoni inayotoa jasho.

Niliagiza mayai. Bahati nzuri jiko lilikuwa wazi, nikaona. Mpishi alikuwa akisukuma chapati, mikono nyeupe hadi kwenye viwiko. Akaepua chapati, akamimina mafuta kidogo, akalivunja yai langu kwenye kikaango kile kile. Hakukosea, ndivyo jiko lake linavyofanya kazi. Lakini yai lile kwangu lilikuwa chapati tayari. Nikamwomba kwa upole anichemshie mengine mawili, aniletee na maganda yake nimenye mwenyewe. Nikatoka kununua nduma, nikarudi kuzila na chai yake. Kijana akaniangalia, akasema, "Kumbe auntie unakula kama kukhu wangu!"

Kwa anayerudi nyumbani na tumbo kama langu, haya ndiyo ninayoyafuata sasa. Usitaje gluteni. Taja chapati, mandazi, mkate na soseji kwa majina yao, useme vinakuuguza. Uliza kikaango kimepika nini kabla yako. Uliza kama supu imetiwa unga ili iwe nzito. Milo ikatae, maana ina kimea cha shayiri. Uji wa unga uliochanganywa uogope, kwa sababu huwezi kujua kama ngano imo, na hata wimbi tupu huenda limesagwa kwenye posho mill iliyotoka kusaga ngano.

Nanyi wenye hoteli za Kakamega, sidai karatasi za Leeds. Naomba vitu viwili: kikaango kimoja cha mayai kisichoguswa na chapati, na mstari mmoja zaidi pale ukutani mnapoandika bei, usemao nduma na viazi vitamu. Kikaango ni cha kununua mara moja tu. Nduma ziko hapo mlangoni.