Barua ya Muuguzi



Jumatatu baada ya Misa ya asubuhi alinijia muuguzi mmoja ambaye nimezoea kukutana naye vitandani pa wagonjwa kuliko kanisani. Mimi huenda na Mafuta Matakatifu na Komunyo. Yeye huenda na chupa ya mofini ya kunywa, na mara nyingi huwa amenitangulia. Aliomba barua ya utambulisho. Amepata kazi Uingereza.

Nilishindwa kuiandika siku ile.

Huduma yake huitwa tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa maumivu na kumtunza pale ambapo ugonjwa hauponyeki tena. Baadhi yenu huniuliza kama mofini si kumharakishia mtu kifo. Papa Pius XII aliwajibu madaktari swali hilo mwaka 1957, na Katekisimu, namba 2279, yafundisha vivyo hivyo: kutuliza maumivu ni halali, hata ikiwa huenda siku zikapungua, mradi kifo chenyewe hakikusudiwi. Namba hiyohiyo yaihesabu tiba shufaa kuwa tendo la upendo lisilotafuta faida. Ila upendo huo wahitaji watu, nao ni haba.

Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo mapema. Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993. Unga wa mofini ulichanganywa na maji, ikawa dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa aweza kuinywa nyumbani kwake. Lakini nani angeiandika, ilhali madaktari ni wachache na vijiji ni vingi? Mwaka 2004 kanuni zikarekebishwa, nao wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika. Ilikuwa busara kubwa. Hata hivyo, muuguzi aliyebebeshwa kazi ya daktari anapoondoka, kijiji huwapoteza wote wawili kwa siku moja.

Simlaumu dada huyu. Ana watoto wa kusomesha. Lakini hakuzungumzia mshahara. Aliniambia, "Padre, mwezi huu wagonjwa wangu wanne wamefariki. Hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mzima."

Niliinamisha kichwa. Miaka sita nimemuuliza habari za wagonjwa: nani amezidiwa, nani yu tayari kwa Mpako. Habari zake sikuuliza hata mara moja. Sisi mapadre tuna mafungo yetu kila mwaka. Yeye hutoka kwa marehemu akapanda daladala kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Jumatano niliandika barua, nikaitia sahihi na muhuri wa parokia. Alipokuja kuichukua aliniachia daftari dogo lenye majina saba ya wagonjwa waliokubali kutembelewa na wanajumuiya, na pembeni mwa kila jina saa ambayo maumivu humzidi. Daftari liko sakristia. Anaondoka tarehe ishirini.