Heri Kujikwaa Dole: Tafakuri ya Mkristo Kuhusu Uteuzi wa Maneno

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikazipambia insha zangu na kutunukiwa alama. Maana yake, hata hivyo, sikuijua barabara hadi siku niliposimama mbele ya darasa, chaki mkononi, nikiitwa mwalimu.

Nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili. Kilikuwa kipindi cha kusikiliza na kuzungumza, kidato cha pili. Nilimtaka mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha ataje haki mojawapo ya raia. Akasimama wima na kusema kwa kujiamini, "Kila mtu mzima ana haki ya kupiga kula."

Darasa lilinyamaza, likanitazama. Katika kimya kile nilikuwa na hiari ya kuteua neno. Nikateua hili: "Kama ni kula, basi wewe utapiga sahani!"

Wanafunzi waliangua kicheko, nami, ninakiri kwa haya, nilijiona mcheshi. Mvulana aliketi taratibu. Kufikia mapumziko alikuwa amebandikwa jina la Sahani. Kufikia Ijumaa, hata wanafunzi wa kidato cha kwanza walimwita hivyo. Katika vipindi vyangu hakuinua mkono tena.

Kinachoniatua moyo hadi leo ni kwamba sikuwa na udhuru wa kutojua. Katika mihadhara ya fonolojia nilikuwa nimefunzwa kwamba lugha kadhaa za Kibantu hazitofautishi sauti /l/ na /r/ jinsi Kiswahili sanifu kifanyavyo. Nilijua kuwa kijana yule hakuwa mzembe, bali alikuwa amekuja darasani na ulimi aliolelewa nao na mamake. Maarifa niliyopewa ili nimsaidie niliyaweka kando, nikatafuta kicheko.

Wiki iyo hiyo nilisoma sura ya 12 ya Kitabu cha Waamuzi. Watu wa Gileadi walikuwa wamewashinda Waefraimu, wakavishika vivuko vya Yordani. Kila mkimbizi aliyetaka kuvuka alitakiwa kutamka "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa papo hapo. Biblia yasimulia kuwa Waefraimu 42,000 waliangamia wakati huo. Awali nilikisoma kisa hiki kama habari za vita. Safari hii nilikisoma kama mwanafunzi wa isimu, nikaingiwa na baridi. Tofauti ya sauti moja tu ilitosha kumtenga mtu na uhai wake.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda Yordani ili tukielewe kisa hicho. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha, na kwenye vizuizi vya barabarani watu walitambuliwa kwa makabila yao. Maneno yalikuwa yametangulia mapanga. Nomino ya kawaida kama "madoadoa" ilikuwa imegeuzwa kuwa jina la jirani asiyetakiwa. Silinganishi mzaha wangu na maafa hayo. Nasema tu kwamba anayefunza darasa kucheka lafudhi ya mtu hajui kicheko hicho kitakomea wapi.

Fauka ya hayo, imani yangu yenyewe inadaiwa na watu wenye lafudhi. Petro alipokuwa akimkana Bwana, waliosimama pale walimtambua kwa usemi wake wa Kigalilaya. Siku ya Pentekoste, umati ulistaajabu kuwa wanaonena ni Wagalilaya wale wale, na bado kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Mungu hakungoja matamshi yao yasanifishwe kwanza.

Je, mwalimu Mkristo ayafumbie macho makosa? La hasha. "Kura" si "kula", na kumwacha mwanafunzi gizani si upendo. Paulo aliwaandikia Waefeso kuhusu kuushika ukweli katika upendo, na kuhusu neno linalomjenga msikilizaji. Ningalimwambia kijana yule, "Hoja yako ni nzuri. Hebu sote tutamke pamoja: kura." Sentensi hizo mbili hazingenigharimu chochote ila kile kicheko.

Kosa nililitenda hadharani, kwa hiyo niliomba radhi hadharani, mbele ya darasa lile lile. Kijana aliinamisha kichwa na kusema, "Mimi nimezoea, mwalimu." Nilitarajia anisamehe au anikasirikie. Jibu hilo sikulitarajia. Kumbe nilikuwa mmoja tu katika msururu mrefu. Nilipoondoka muhula ulipokwisha, wapo waliokuwa bado wakimwita Sahani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wenzangu katika chama hiki, tunakipenda Kiswahili na tunajivunia ufasaha wetu. Karibuni tutatawanyika madarasani kote nchini, na huko tutakutana na ndimi za kila namna. Yesu alionya kwamba kila neno lisilo maana tutalitolea hesabu. Mimi tayari ninalo langu moja, lenye silabi tatu. Kila nishikapo chaki, kwanza huomba kama mtunga zaburi kwamba Bwana aweke mlinzi mlangoni pa midomo yangu.