AV1, simu ya shangazi na mazishi ya babu

Nimepotea kidogo, najua. Kazi ni nyingi, na huku Karen mvua ikinyesha tu stima zinapotea. Msidhani naishi kwenye jumba la kifahari, napanga SQ nyuma ya nyumba ya watu.

Leo nina kisa cha kuniaibisha.

Mwaka jana tulimzika babu kule Wundanyi. Shangazi yangu anayeishi Kitale alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, daktari akamkataza kusafiri. Huyo ndiye kifungua mimba wa babu. Nikamwahidi, "Shangazi, nitarekodi kila kitu." Nikarekodi.

Niliporudi Nairobi nilikuwa na dakika 24 zilizohaririwa. Kwa H.264, ile kodeki ya kawaida, faili ilikuja MB 190 hivi. Kwa AV1 ikawa MB 90, na macho yangu hayakuona tofauti. Ukijua shangazi hununua bando la siku, hiyo si tofauti ndogo! Kompyuta ilisaga usiku kucha, asubuhi nikaiweka video kwenye seva yangu na kumtumia kiungo.

Kusema kweli, bando halikuwa sababu pekee. Mimi ni muumini. AV1 ilitoka mwaka 2018 nikiwa bado chuoni. Iliundwa na Alliance for Open Media, muungano ulioanzishwa mwaka 2015 na Google, Mozilla, Netflix, Amazon, Microsoft, Intel na Cisco. Hawa si marafiki, ila wote walichoshwa na mirabaha. H.264 ina hataza, na watengenezaji wa vifaa hutakiwa kulipia leseni, hata wa ving'amuzi tulivyonunua wakati wa kuhamia dijitali mwaka 2015. Iliyofuata, HEVC, ikaja na makundi kadhaa ya wenye hataza, kila moja na bili yake. AV1 haidaiwi chochote na waliyoiunda. Hata hivyo mwaka 2019 kampuni ya Sisvel ilijitokeza na hataza za watu wengine, ikitaka Euro 0.32 kwa kila kifaa chenye skrini. Muungano ukapinga. Kwa hiyo neno "bure" tulitamke polepole.

Sasa sikilizeni. Siku nne shangazi kimya. Nikapiga simu.

"Mwanangu, hii simu yangu imeharibika. Nilimpelekea fundi, akasema ni betri."

Alikuwa ameweka betri mpya! Kwa pesa zake, akiwa mgonjwa. Kumbe video ilikuwa inacheza, halafu inaganda, sauti inatangulia picha, simu inachemka. Ilizima wakati jeneza linatolewa nyumbani. Hakuendelea.

Simu haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa mimi. Chipu ya simu ile ya bei nafuu haina sehemu ya kufungua AV1, kwa hiyo kazi yote inaangukia programu na kichakataji kikuu. Programu ya dav1d ya watu wa VideoLAN ni ya kasi ajabu, lakini haiwezi kufanya miujiza. H.264 ina sehemu yake ndani ya karibu kila chipu. Yaani shangazi aliokoa bando akalipa kwa betri.

Na kosa la kiufundi ni hili: ukurasa wangu uliuliza kivinjari kama kinaweza kucheza AV1, kikajibu ndiyo. Hakikudanganya. Kucheza kinaweza, kucheza vizuri ni swali lingine, na lipo la kuulizwa: mediaCapabilities.decodingInfo() hurudisha majibu matatu, kama umbo linakubalika, kama litacheza bila kukwama, na kama halitakula moto. Nilikuwa nimesoma habari zake. Sikuitumia kwa sababu simu yangu haikuwahi kukwama.

Siku hizo hizo nikaweka nakala mbili. Jibu la pili likiwa hapana, mtu anapewa H.264. Nikamtumia shangazi hela ya betri na ya bando, nikamweleza kwamba fundi alikosea na mimi pia nilikosea.

Alinipigia usiku. Ameona yote, hadi mwisho. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama naweza kumkatia ule wimbo wa akina mama pale kaburini, sauti tu, aweke kwenye simu.

Nikafikiria Opus, ambayo nayo ni huria. Nikamtumia MP3.